Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Andiko la msingi: 1 Samweli 2:18–21. Soma pia Kutoka 31:1–6, Mwanzo 37:3–4 na Matendo 9:36–41.

Kwa wale ambao hamkuwa katika ibada ya pili, huu ndio ujumbe uliohubiriwa, na nimeongeza machache ambayo saa ilininyima.

Nianze na maungamo. Desemba iliyopita nilikopa shilingi 2,800 kwa simu nikamnunulia binti yangu wa miaka minne mdoli wa betri. Ukimfinya tumbo anaimba na macho yanawaka. Siku ya Krismasi nyumba nzima iliimba naye. Kufika tarehe 28 alikuwa amenyamaza, kwa sababu mwenyewe alimwogesha kwenye beseni kama mtoto wa kweli. Lakini katoni aliyokuja nayo yule mdoli, wapendwa, iliishi mpaka Februari. Ilikuwa nyumba, ikawa kitanda cha paka, halafu ikawa matatu. Mimi nilikuwa abiria, mama yake makanga, na nauli ilikuwa maharagwe. Mkopo nao niliumaliza mwisho wa Januari, pamoja na ile ada yao, wiki ile ile shule inadai karo.

Sasa mimi nina digrii ya biashara. Nimefundishwa kuuliza, pesa hii imezaa nini? Na nilipokaa nikajihesabu vizuri niligundua kitu kilichoniuma kuliko zile pesa. Jumatatu huwa ni mkutano wa viongozi. Jumatano ni maombi. Ijumaa ni kesha. Jumamosi ni ushauri wa wanandoa, nawasaidia wengine kulea wakati wangu wanalala. Sikuwa nimenunua mdoli. Nilikuwa nimelipa faini. Na mtoto hajui kusoma risiti ya faini. Yeye alitaka abiria wa matatu.

Ndiyo maana andiko hili la Hana limenishika mwaka huu.

Hadithi mnaijua. Hana alikuwa hana mtoto, akalia mbele za Bwana kule Shilo mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu akampa Samweli. Alipomwachisha ziwa akampeleka hekaluni, akamwacha huko kama alivyoahidi. Mahubiri mengi yanaishia hapo, kwenye nadhiri, na tunaambiwa tutoe kilicho cha thamani. Amina. Lakini fungua sura ya 2 mstari wa 19. Pale tunaambiwa kwamba mama yake alikuwa akimtengenezea kanzu ndogo, na kumpelekea mwaka baada ya mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu.

Mstari mmoja tu. Nani alijali kuandika habari ya nguo ya mtoto katikati ya mambo makubwa ya Israeli? Roho Mtakatifu alijali.

Kwanza tuondoe wazo moja ambalo liko vichwani mwetu, kwamba zawadi ya kujitengenezea ni ya mtu asiye na pesa. Hana hakuwa maskini. Rudi sura ya 1 mstari wa 24 uone walivyopanda Shilo: ng'ombe, efa nzima ya unga, divai. Hiyo si familia ya kukosa. Elkana angeweza kumpa fundi pesa akamaliza. Hana alishona kwa mkono wake kwa sababu kulikuwa na kitu ambacho ng'ombe wa Elkana hakingeweza kununua.

Ni kitu gani hicho? Angalia neno "ndogo". Kanzu ilikuwa ndogo kwa sababu mtoto alikuwa mdogo. Unasema, Pasta, hilo si wazi? Ngoja. Huyu mama hakai na mtoto. Anamwona mara moja kwa mwaka. Ili kanzu imtoshe, lazima ajiulize, sasa hivi Samweli amefika wapi? Mabega yamepanuka? Mikono imekuwa mirefu? Ameanza kupoteza meno ya utoto? Kila mshono ni swali kuhusu mtoto. Miezi kumi na miwili alikuwa akimkadiria mtoto kwa akili yake na kwa moyo wake. Na akikosea? Nadhani alikosea mara nyingine. Nadhani kuna mwaka mikono ilifunika vidole na Samweli akazunguka hekaluni akiikunja. Biblia haisemi, ni mimi ninasema. Lakini mtoto aliyeletewa kanzu iliyozidi kidogo anajua jambo moja: mama alinidhania nimekua.

Mdoli wangu wa 2,800 ungemfaa mtoto yeyote wa miaka minne, Kenya nzima. Haukuhitaji kumjua binti yangu hata kidogo.

Angalia pia mstari wa 18, kwamba Samweli alikuwa tayari amevaa naivera ya kitani. Hiyo ni nguo ya kazi, tuseme ni yunifomu. Hekalu lilimpa yunifomu, mama akamletea kanzu. Na mjue alikuwa analelewa katika nyumba gani. Wana wa Eli walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka na kufanya uchafu mlangoni pa hema. Hao ndio waliokuwa "wakubwa" aliokuwa akiwaona kila siku. Watoto wetu pia wanavaa yunifomu ya watu wengine siku tano kwa wiki, na hujui ni Hofni yupi anakaa naye dawati moja. Ni muhimu awe na kitu mwilini au chumbani mwake kinachosema, mimi ni wa nyumba fulani.

Kwa wanaopenda kusoma kwa kina: neno la Kiebrania linalotumika kwa ile kanzu ndogo ndilo linalorudi katika 1 Samweli 15:27, pale Sauli alipolishika pindo la vazi la Samweli likararuka. Ndilo linarudi tena katika 28:14, mzee yule alipotambuliwa kwa joho alilojifunika. Sisemi ilikuwa nguo ile ile, msinielewe vibaya. Lakini nabii wa Israeli alijulikana kwa vazi, na vazi lake la kwanza la namna hiyo lilitoka mkononi mwa mama yake.

Sasa niende kwa akina baba, maana nawaona mmekaa vizuri mkidhani leo ni siku ya akina mama.

Baba yangu alikuwa soja wa usiku kwenye ghala. Mwaka nikiwa darasa la pili nilimwomba gari la dukani, lile jekundu la plastiki ambalo mtoto wa jirani alikuwa nalo. Alinyamaza. Asubuhi ya Krismasi akarudi kutoka lindo na lori la waya. Alikuwa amelikunja usiku kucha, wiki tatu, kwa mwanga wa tochi. Lilikuwa na milango inayofunguka, usukani mrefu wa kushikia ukisimama, na magurudumu ya vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu. Nikalipeleka uwanjani. Wenzangu wakacheka. Nikalitupa nyuma ya ghala la mahindi, nikarudi nyumbani nikasema limepotea.

Hakusema kitu. Mimi nikaendelea na maisha, nikasoma, nikaokoka, nikaitwa kwenye huduma. Halafu 2016, akiwa mgonjwa, dhamiri ikanisumbua mpaka nikaenda kumwambia ukweli kando ya kitanda. Alicheka hadi akaanza kukohoa. Akasema, "Mimi nililiona wiki ile ile. Nililikunjua nikafungia banda la kuku. Waya ni waya." Nikamwuliza, uliumia? Akafikiria kidogo, akasema, "Hapo kwa milango, ndiyo."

Wapendwa, nimewahubiria mambo mengi lakini "hapo kwa milango" sijaweza kulihubiri nikalimaliza. Kwa hiyo kama umewahi kumtengenezea mtoto kitu na yeye akakiona duni, jua hauko peke yako. Na kama mtoto wako anacheka kitu ulichomtengenezea leo, usimpige mahubiri. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka ishirini.

Mnajua Yesu mwenyewe aliitwa seremala, Marko 6:3, na katika Mathayo anaitwa mwana wa seremala. Kazi ile hakuisomea darasani. Mwokozi wa ulimwengu alisimama karibu na Yusufu akaona jinsi mti unavyoshikwa. Baba, mtoto wako amewahi kusimama karibu na wewe akaona nini? Simu?

Na sisi Wapentekoste tuna jambo la kutubu hapa. Tukisema mtu amejazwa Roho, tunamaanisha amenena kwa lugha, ametoa unabii, ameanguka. Fungua Kutoka 31. Bezaleli ndiye mtu wa kwanza katika Biblia ambaye Mungu mwenyewe anasema amemjaza Roho, na amejazwa ili afanye nini? Achonge mti, afue dhahabu, akate vito. Mikono! Sura ya 35 inaendelea kusema kwamba aliwekewa moyoni kufundisha wengine, yeye na Oholiabu, na wanawake wenye hekima wakasokota kwa mikono yao. Mwambie jirani yako, "Roho anajua kushona." Ibadani mlicheka, lakini liko hapo.

Wazazi wenye watoto wa shule mnanifahamu nikisema mtaala huu wa CBC umetukuta tukiwa hatuna mikono. Tangu uanze rasmi 2019 nimesikia kilio: saa tatu usiku mtoto anakumbuka kesho anatakiwa na kiota cha ndege, au ala ya muziki, au picha ya kubandika mbegu. Mama anatoka mbio. Baba anatafuta nani anaweza kukiunda kwa shilingi 300. Asubuhi mtoto anabeba kiota kizuri sana ambacho hajakigusa. Mwalimu anampa alama. Nani amefundishwa hapo? Mtoto amefundishwa kwamba kazi nzuri hununuliwa usiku. Heri apeleke kiota kibaya. Nasema hivi nikijua nitaulizwa na mwalimu mmoja wa kwetu hapa, na niko tayari.

Basi nisiwaache hewani, kwa sababu wengi mliniuliza mlangoni, "Pasta, hata nikitaka, nitengeneze nini? Mimi sijui kushona." Haya ndiyo tumejaribu nyumbani kwetu na ambayo nimeona kwa wengine.

Rahisi kuliko yote ni unga na chumvi. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kikombe 1 cha maji, ukiyaongeza polepole. Kanda kama wa chapati mpaka uache kushika vidole. Ubapaze uwe mnene kama chapati mbili, mtoto agandamize kiganja chake, andika jina na tarehe kwa kijiti cha kiberiti, toboa tundu la kamba juu. Anika kivulini penye upepo siku kadhaa ukiugeuza, maana jua kali linaupasua. Ukiwa na oveni, moto mdogo sana saa mbili au tatu. Ukikauka, mpelekee nyanya yake. Najua kuna mtu amesema moyoni, unga ulivyo bei hii tuuchezee? Tumia ule ulioingia wadudu. Kama huna, chimba udongo wa mfinyanzi mtoni kama sisi tulivyofanya. Na jihadharini: chumvi ile ni nyingi, mtoto mdogo asiule, wala mbwa.

Pili ni mikono kwenye karatasi. Weka mkono wa mtoto, chora pembeni yake kwa penseli, juu yake chora wako. Fanya hivyo kila siku yake ya kuzaliwa, kwenye daftari moja la shilingi hamsini ambalo halitumiki kwa kitu kingine. Wale wenye nyumba zao huchora urefu wa mtoto kwenye fremu ya mlango, lakini sisi wa kupanga tunajua kiambaza kikichorwa ile deposito hairudi. Chukua utepe mrefu wa kitambaa, ukate urefu wake sawasawa na mtoto kila mwaka, ukunje, uandike mwaka kwa kalamu. Ukihama unahama nao. Binti yangu ana vinne. Juzi alivitandaza sakafuni akawa anauliza, "Huyu mfupi ni mimi?"

Waya na ndara kuukuu ni kazi ya baba na mtoto wa miaka sita kwenda juu. Waya wa henga unatosha kwa gari dogo. Magurudumu mnakata kwenye soli ya ndara iliyokatika. Ncha zote za waya zikunjwe ndani kwa koleo, zisimchome mtoto jicho. Msidharau ndara. Kule Lamu mafundi walijenga jahazi kwa plastiki iliyotupwa na kuokotwa, wakalifunika kwa ndara kuukuu za kila rangi, na mapema 2019 likasafiri kwa tanga mpaka Zanzibar. Kama ndara zimefika Zanzibar, zitafika jikoni kwako. Mpira nao, zamani tulikuwa tunausokota kwa karatasi za nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 hizo karatasi ni chache, na ni heri hivyo. Tumia matambara, ufunge kwa kamba ya katani. Hauruki sana lakini hauvunji dirisha la landilodi.

Mafundi wa nguo hutupa vipande vya vitenge na leso kila jioni. Ukienda na adabu utapewa mfuko mzima bure. Mdoli wa matambara hauhitaji cherehani: soksi moja isiyo na mwenzake, uijaze vipande, ufunge shingo kwa uzi, macho uyadarizi. Nimesema uyadarizi. Usiweke vifungo wala shanga kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa sababu atakitoa na kukitia kinywani. Kipimo chepesi ambacho mama mmoja muuguzi alinifundisha: chukua lile bomba la karatasi linalobaki katikati ya karatasi ya choo. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Pitisha vitu vyake vyote hapo, hata vile ghali vya dukani.

Hayo yanatosha. Usiyafanye yote, utachoka na uwakaripie watoto, halafu iwe dhambi. Chagua moja, jioni moja kwa wiki, nusu saa, simu ikiwa chumba kingine. Kwetu tumechagua Alhamisi, na nilienda kwa Mchungaji Kiongozi nikamwambia Alhamisi sipatikani. Aliniangalia sana. Halafu akaniambia, "Mimi ningelifanya hilo mapema." Hakuongeza neno.

Lakini kuna onyo. Mwanzo 37, Yakobo naye alitengeneza kanzu. Nzuri sana, ya kutajwa. Alimtengenezea mmoja kati ya wana kumi na wawili. Unajua iliishia wapi, imechovywa katika damu ya mbuzi. Ukimfanyia mmoja, wafanyie wote. Mtoto uliyemkuta katika ndoa, mtoto wa marehemu ndugu yako mnayeishi naye, yule mtoto wa dada wa kazi anayekuja likizo na kukaa jikoni akiwatazama. Mpe naye unga akande. Kanzu iliyotengenezwa kwa mkono inauma zaidi kama haikuwa yako, kwa sababu kila mtu ndani ya nyumba anajua ilichukua siku ngapi.

Nimalizie kwa wale ambao hawako na watoto wao, kwa sababu Hana ni wenu kuliko wa mtu mwingine. Hapa kanisani kuna wanaume wanaolinda mageti Nairobi na watoto wako ushago. Kuna akina mama walioacha watoto kwa nyanya wakaenda Saudia na Qatar kufanya kazi za nyumbani. Tukiwaombea, tunaombea mshahara ulipwe, na ni sawa. Lakini kilio chao kingine tunakisikia tu wakirudi.

Dada mmoja wetu ameniruhusu nisimulie hili bila kumtaja. Alikwenda Ghuba mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kila mwezi alituma pesa, na mtoto alikula na kuvaa. Alipopiga simu ya video mtoto alikuwa anamwita "auntie wa simu." Akamaliza usiku mmoja akilia bafuni maana ndipo pekee angeweza kulia. Akaamua atamfumia sweta. Sindano na uzi alinunua siku yake ya mapumziko, na alikuwa akifuma kuanzia saa tano usiku kazi zikiisha. Lakini vipimo? Picha haionyeshi vipimo. Akampigia mama yake, na yule nyanya hana futi wala hajui sentimita. Akasema, "Mgongo wake ni shibiri mbili na nusu za mkono wangu. Mkono ni shibiri moja na vidole viwili."

Huyu dada akaniambia, "Pasta, ule mkono wa mama mimi naujua. Ndio ulinilea. Nilikaa kitandani nikaupima juu ya mkono wangu, nikafuma."

Sweta ilibebwa na mwenzake aliyekuwa anarudi. Ilifika ikiwa kubwa, mikono ikakunjwa mara mbili. Sitawadanganya kwamba ilimaliza kila kitu. Aliporudi, baada ya miaka miwili na miezi minne, mtoto alijificha nyuma ya nyanya, na kwa wiki mbili alikataa kulala naye. Siku za kwanza alikuwa anaomba ruhusa kwa nyanya kabla ya kupokea chakula mkononi mwa mama yake mzazi. Ni maumivu ambayo sitaki kuyapitia haraka. Lakini siku moja akamletea ile sweta, wakati huo imeanza kumbana, akauliza, "Ni wewe ulishona hii?" Mama akasema ni mimi. Mtoto akasema, "Sasa ni ndogo." Akasimama mbele yake, akainua mikono yote miwili, akangoja apimwe.

Wenye watoto mbali, wiki hii pigeni simu moja isiyo ya pesa. Muulizeni anayekaa na mtoto: mguu wake una urefu gani? Achore kwenye karatasi. Halafu mtafute cha kutengeneza, hata kama ni barua yenye mchoro wa mkono wako ili yeye aweke wake juu. Ofisi ya kanisa itagharamia kutuma kwa wale wanaokwenda ushago na matatu za Ijumaa. Nimeshazungumza na mhasibu, na amekubali, ingawa alitaka kujua ni bahasha ngapi.

Na wale wa akina Dorkasi, kule Yafa wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea alipokuwa hai. Idara ya akina mama imesema wako tayari kuwafundisha kushona na kufuma wote wanaotaka, wakiwemo wanaume. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, chumba cha shule ya Jumapili. Njoo na mtoto wako, na kama huna, njoo ukae na wa mwenzako. Lete soksi zisizo na wenzake, waya kama unao, na mkasi, maana ule wa kanisa haujaonekana tangu Pasaka.